Mizani Iliyoandikwa Ukutani

Sura ya tano ya Kitabu cha Danieli inasimulia karamu ya Belshaza mjini Babeli. Mfalme na wakuu wake wanakunywa divai kwa vyombo vya dhahabu na fedha vilivyotekwa katika hekalu la Yerusalemu, na hapo vidole vya mkono wa mtu vinatokea na kuandika kwenye chokaa ya ukuta. Wenye hekima wa mji wanaitwa, wanashindwa kuyasoma maandishi na kuyaeleza. Mwishowe anakuja Danieli, mateka wa Kiyahudi aliyekwisha kuzeeka, naye anasoma maneno manne ya Kiaramu: mene, mene, tekeli, ufarsin. Anamwambia mfalme kwamba siku za ufalme wake zimehesabiwa zikafika mwisho, kwamba yeye mwenyewe amewekwa kwenye mizani akaonekana hafikii, na kwamba ufalme umegawanywa na kukabidhiwa Wamedi na Waajemi. Wasomaji wengi huishia hapo, kana kwamba maneno yale manne hayakuwa na maana yoyote mpaka Danieli alipoyapa. Nadhani sivyo. Yalikuwa na maana kamili kabla Danieli hajafumbua kinywa, maana ya kawaida ambayo mchuuzi yeyote wa Babeli aliijua: yalikuwa majina ya vipimo vya uzito, na kwa hiyo majina ya pesa. Tena, maana aliyoitoa Danieli haikuifuta ile ya sokoni wala haikubandikwa juu yake kwa ujanja wa maneno. Ilitoka ndani yake, kwa sababu katika lugha zile jina la kipimo na tendo la kupima lilikuwa neno moja.

Aliyeuweka wazi upande wa kwanza wa dai hili ni mwanazuoni wa Kifaransa, Charles Clermont-Ganneau, katika makala aliyoichapisha mwaka 1886. Hakuanzia kwenye Biblia. Alianzia kwenye mawe ya mizani. Miaka ya 1840 Mwingereza Austen Henry Layard alichimba magofu ya Nimrudi, kaskazini mwa Iraki ya leo, akakuta seti ya simba 16 wa bronzi waliolala, wakubwa kwa wadogo. Mkubwa kuliko wote ana uzito wa takriban kilo 20, na mdogo kabisa ni mwepesi sana. Ni mawe ya mizani ya ikulu ya Waashuru, ya karne ya nane KK, na leo yamo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London. Baadhi yana maandishi ya aina mbili, ya kikabari kwa Kiashuru na ya herufi kwa Kiaramu, yakitaja uzito: mina kadhaa za mfalme, mina kadhaa za nchi. Clermont-Ganneau alipoyachunguza mawe ya makumbusho hayo alikuta pia jina la nusu mina linalolingana na peresi, umbo la umoja la ile ufarsin ya ukutani. Hapo orodha ikakamilika. Mene ni mina. Tekeli ni shekeli kwa matamshi ya Kiaramu. Ufarsin ni “na nusu-nusu”: kile kiambishi cha mwanzo, u, maana yake ni “na”, kile cha mwisho, in, ni alama ya wingi, na p ya peresi hulainika ikawa f kwa sababu imetanguliwa na irabu. Mina, mina, shekeli, na nusu.

Ili kuona orodha hiyo ilivyokuwa ya kila siku, lazima tuiweke katika mji usiokuwa na sarafu. Babeli ya Belshaza ilikuwa na benki, mikopo, riba, rehani na mahakama za madai, lakini haikupiga sarafu. Sarafu za kwanza tunazozijua zilitokea Lidia, magharibi mwa Uturuki ya leo, katika karne ya saba KK, na zilichelewa kushika mizizi Mesopotamia. Aliyetaka kulipa alikata fedha, vipande vya bangili, waya au kinoo, akavitia kwenye mizani. Vipimo vyenyewe vilipangwa kwa sitini-sitini: shekeli moja ilikuwa takriban gramu 8.4, shekeli 60 zilifanya mina moja, karibu nusu kilo, na mina 60 zilifanya talanta, kama kilo 30, mzigo wa mtu mzima mwenye nguvu. Mpango huo ulikuwa mkongwe tayari. Sheria za mji wa Eshnuna, zilizoandikwa kama miaka 1200 kabla ya Belshaza, zinaanza kwa bei: shekeli moja ya fedha kwa kori moja ya shayiri, ambayo ni kama lita 300, au kwa mina sita za sufi. Mtu aliyesoma bei hizo hakuwa na haja ya kuuliza kama shekeli ni uzito au ni pesa. Fedha ilikuwa pesa kwa sababu ilipimika, na Kiswahili bado kinatunza nusu ya hali hiyo, maana fedha kwetu ni madini na ni mali vilevile. Kwa kuwa ilipimwa, ilibidi pia ijulikane usafi wake, na hati za Babeli za wakati wa mfalme Nabonido, baba wa Belshaza, mara nyingi hutaja fedha iliyochanganywa moja ya nane ya madini mengine.

Belshaza mwenyewe tunamkuta ndani ya biashara hiyo. Kwa muda mrefu wako waliodhani kwamba jina lake lilibuniwa na mtunzi wa Kitabu cha Danieli, kwa kuwa waandishi wa Kigiriki waliotueleza habari za Babeli hawakumtaja. Vibao vya udongo vilivyosomwa tangu karne ya 19 vimeondoa shaka hiyo. Belshaza alikuwa mwana wa mfalme Nabonido, na baba yake alipohamia Tema, kwenye nyika za Uarabuni, akakaa huko miaka kama kumi, mwana ndiye aliyeshika mambo ya Babeli. Hati hazimwiti mfalme. Zinamwita mwana wa mfalme. Kimoja kati ya vibao hivyo ni hati ya mkopo: mina 20 za fedha, thamani ya sufi, mali ya Belshaza mwana wa mfalme, zimetolewa kwa mkono wa msimamizi wa nyumba yake na kukopeshwa kwa Iddin-Marduk, mfanyabiashara tunayemjua vizuri kutokana na hati zake nyingi za shayiri, tende na vitunguu. Mina 20 ni kama kilo 10 za fedha. Kwa hiyo mtu ambaye simulizi inamweka mbele ya ukuta ulioandikwa mina na shekeli alikuwa kweli mtu wa mina na shekeli, mdai mkubwa katika mji wa wadai.

Sasa tuuangalie upande wa pili wa dai, ule ambao kwa maoni yangu umepewa uzito mdogo kuliko unaostahili. Ukishaonyesha kwamba maneno ni majina ya vipimo, ni rahisi kuhitimisha kwamba tafsiri ya Danieli ni mchezo wa sauti: alichukua “mina” akasikia “kuhesabu”, alichukua “shekeli” akasikia “kupima”. Hitimisho hilo linakosea kwa sababu linachukulia maana mbili kuwa vitu viwili vilivyokutana kwa bahati. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulihakiki jambo hili bila kujifunza Kiaramu, kwa kutumia namba anazozitumia kila siku. Thelathini na themanini tumezipata kwa Kiarabu, kutoka thalatha na thamaniya. Pale Kiarabu kinaposema th, Kiebrania husema sh na Kiaramu husema t: tatu ni shalosh kwa Kiebrania na telat kwa Kiaramu, nane ni shmone kwa Kiebrania na temane kwa Kiaramu. Fuata kanuni hiyohiyo kwa mzizi wa uzito, na utapata shekeli kwa Kiebrania, tekeli kwa Kiaramu na mithkali kwa Kiarabu, ile mithkali ambayo Waislamu huisikia katika Sura ya Zilzala pale uzito wa chembe ya wema na chembe ya uovu unapotajwa. Mzizi ni mmoja na kazi yake ni moja: kuwa zito, kutia kwenye mizani. Shekeli maana yake ni kipimo, kile kinachopimwa au kinachopimia. Mina nayo, kwa Kiakadi cha Babeli, ni manu, na kitenzi cha kuhesabu ni manu pia. Peresi inatoka kwenye mzizi wa kupasua na kugawa, ndiyo maana ikawa jina la nusu. Danieli alipotaja kuhesabu, kupima na kugawa, alirudisha majina matatu kwenye vitenzi vyake.

Mtu anaweza kupinga kwamba kila lugha imejaa maneno yanayofanana sauti, na mwenye ubunifu anaweza kutoa unabii katika orodha yoyote ya bidhaa. Pingamizi hili lina nguvu, na linatulazimisha kutenganisha aina mbili za maneno yenye maana nyingi. Paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani na kupaa samaki magamba yamekutana kwenye sauti tu. Hakuna anayedhani mnyama yule alipata jina lake kwa sababu ya makuti. Pima ni habari nyingine. Tunapima unga, tunapima ardhi, daktari anapima damu, mtu anapima maneno kabla ya kusema, na katika Kiswahili cha siku nyingi pima ni jina la kipimo chenyewe, urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, ambao wavuvi na mabaharia walipimia kina cha maji. Mtu akisema “kamba ya pima kumi” na kisha akasema “jipime”, hajaruka kutoka neno moja kwenda jingine. Mene na tekeli ni za aina ya pima. Ufarsin ndiyo iliyo nusu hivi, nusu vile: “nusu” na “kugawanywa” ni mzizi mmoja, lakini kwamba konsonanti zake zinafanana na Parasi, jina la Uajemi, ni bahati ya paa. Danieli anazitumia zote mbili katika neno la mwisho, na nadhani mpangilio huo ni wa makusudi. Mara mbili anatembea juu ya maana ya asili ya neno, na mara ya tatu, msikilizaji akiwa amekwisha kuzoea, anaongeza mfanano wa sauti unaomtaja adui aliye langoni. Babeli ilianguka mikononi mwa Koreshi Mwajemi mnamo Oktoba 539 KK.

Hoja hii ya kitenzi ndani ya kipimo inasaidiwa na sehemu nyingine za Biblia ambazo hazina fumbo lolote. Katika Mwanzo 23, Ibrahimu ananunua pango la Makpela kwa Efroni Mhiti ili amzike Sara, kwa shekeli 400 za fedha. Anazipima mbele ya mashahidi kwa kipimo kinachokubaliwa na wafanyabiashara, na kitenzi cha Kiebrania kinachosema alipima ni mzizi uleule wa shekeli. Nabii Amosi, katika sura ya nane, anawashambulia wafanyabiashara wanaopunguza efa na kuikuza shekeli. Msomaji wa leo anayedhani shekeli ni sarafu atashangaa: mwizi gani anaongeza pesa? Lakini shekeli pale ni jiwe la mizani. Muuzaji anapunguza kibaba cha nafaka anachotoa, na anaweka jiwe zito zaidi upande wa pili wa fedha anayopokea, ili mnunuzi aongeze fedha mpaka mizani ilingane. Anaiba pande zote mbili kwa tendo moja la kununua na kuuza. Hukumu ya Amosi haieleweki kabisa bila kujua kwamba neno moja linabeba jiwe, uzito na malipo.

Kwa nini basi maana ya vipimo ilisahaulika katika Danieli hata ikabidi ingoje mwaka 1886? Kwa sababu maana za soko hufa pamoja na mawe yake. Mfano mzuri zaidi ni pimu, neno linalotokea mara moja tu katika Biblia nzima ya Kiebrania, katika 1 Samweli 13:21, mahali panapoeleza jinsi Waisraeli walivyokwenda kwa Wafilisti kunoa majembe na mashoka yao. Watafsiri hawakulijua. Wale wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 walikisia kuwa ni tupa ya kunolea, kisio la busara kwa kuwa habari yenyewe ni ya zana. Baadaye wachimbaji wa mambo ya kale walianza kuokota Palestina vijiwe vidogo vya kuviringana vilivyochorwa neno hilohilo, vyenye uzito wa karibu gramu 7.8, yaani theluthi mbili za shekeli ya Yuda. Pimu ilikuwa bei ya kunoa. Ikiwa jina la kipimo liliweza kupotea katika aya nyepesi inayohusu majembe, si ajabu lilipotea katika aya ambayo nabii mwenyewe anaelekeza macho ya msomaji kwenye maana nyingine.

Lipo pingamizi la hesabu, nalo ni gumu zaidi. Kama peresi ni nusu mina, yaani shekeli 30, orodha inakwenda hivi: 60, 60, 1, halafu 30 na 30. Hakuna mweka hesabu anayepanga hivyo, kutoka kikubwa kwenda kidogo kabisa na kurudi cha kati. Wengine wamelijibu kwa kusema kwamba vipimo ni wafalme: mina ni Nebukadreza mkuu, shekeli ni Belshaza asiyefikia hata sehemu ndogo ya ukubwa wa mtangulizi wake, na nusu mbili ni Wamedi na Waajemi. Mfano wa kuita watu kwa majina ya vipimo ulikuwepo kweli. Talmudi ya Wayahudi, katika sehemu iitwayo Taaniti, inazungumza juu ya mtu aliye mina mwana wa perasi, yaani mwana aliyempita baba. Hata hivyo jibu hilo haliniridhishi. Kila anayelishika ana orodha yake ya wafalme, na Danieli hasemi neno hata moja la kulinganisha mfalme huyu na yule kwa kila kipimo. Fumbo linalohitaji ufunguo ambao msimulizi hakuutaja popote limetungwa na msomaji.

Mimi naona njia fupi zaidi, na Kiswahili kinaionyesha. Majina ya sehemu hayana ukubwa wake yenyewe. Anayemwambia muuza nyama ampimie robo anapata robo kilo kwa sababu kilo ndiyo inayotawala bucha. Thumni, moja ya nane, ilitumika pwani kwa senti 50, ambazo ni nusu ya shilingi. Anayehesabu kwa shilingi ataona kosa, mpaka akumbuke kwamba moja ya nane ile ilikuwa ya riali, iliyokwenda kwa takriban rupia mbili, na rupia ikaja kubadilishwa kwa shilingi mbili. Riali iliondoka, na sehemu yake ikabaki na jina lake. Peresi nayo kwa asili ni “kipande cha kugawa”. Jiwe la Clermont-Ganneau linathibitisha kwamba iliweza kuwa nusu ya mina, na Talmudi inathibitisha vilevile. Lakini maandishi ya mfalme Panamu wa Samali, kusini mwa Uturuki ya leo, ya karne ya nane KK, yanapotaja bei za nafaka, yanataja perasi kama kipimo cha nafaka kinachopatikana kwa shekeli moja. Jina lilisafiri kati ya vipimo. Ndani ya orodha, nusu iliyotajwa mara tu baada ya shekeli ina haki ya kuwa nusu ya shekeli. Tukiisoma hivyo, orodha inashuka vizuri: mina, mina, shekeli, nusu-nusu. Inashuka kutoka nusu kilo ya fedha mpaka gramu nne, na mteremko huo wa kupungua ndio hasa ujumbe anaopewa mfalme. Silazimishi msomaji achague kati ya nusu mina na nusu shekeli. Hoja yangu kuu inasimama kwa vyovyote. Lakini mpangilio uliodhaniwa kuwa pingamizi si pingamizi tena.

Wapo pia wanaosema kwamba neno mene limeandikwa mara mbili bila sababu, na kweli tafsiri ya Kigiriki inayoitwa ya Theodotioni, Biblia ya Kilatini ya Jeromu na mwanahistoria Yosefo wote wanalo mara moja tu. Huenda toleo lao ni la zamani zaidi. Likiwa mara moja, vipimo ni vitatu kwa tafsiri tatu, na hesabu inazidi kunyooka. Likiwa mara mbili, lipo pendekezo zuri kwamba mene ya kwanza ni kitenzi na ya pili ni jina: “imehesabiwa: mina, shekeli, na nusu”. Pendekezo hilo linanivutia kwa kuwa linaonyesha kitenzi na kipimo vikisimama bega kwa bega katika mstari mmoja, vikiwa na konsonanti zilezile.

Pingamizi la mwisho ndilo linalogusa moyo wa simulizi. Kama maneno yalikuwa ya kawaida kiasi hiki, wenye hekima walishindwaje kuyasoma? Marabi wa Talmudi, katika sehemu iitwayo Sanhedrini, walilitafutia jibu katika uandishi: labda herufi zilibadilishwa kwa fumbo, labda zilipangwa kwenda chini badala ya kwenda pembeni. Rembrandt alilifuata wazo hilo la pili alipochora karamu ya Belshaza mjini Amsterdam katika miaka ya 1630, na herufi zake za Kiebrania zinasimama katika safu, kwa mpangilio ambao Menasseh ben Israel, mwanazuoni wa Kiyahudi wa mji huo, aliuchapisha pia. Jibu hilo ni zuri kwa mchoraji. Mimi naona kwamba halihitajiki. Kiaramu kiliandikwa kwa konsonanti, na anayesoma ndiye anayetia irabu. Kusoma na kuchagua maana lilikuwa tendo moja. Aliyewahi kushika hati za kale za Kiswahili cha herufi za Kiarabu anaijua hali hiyo, pale alama moja inapotosha kwa i na e, na b moja inaweza kuwa b au mb, na asiyejua utenzi unazungumzia nini hawezi kuusoma kwa sauti. Mbele ya konsonanti zile, wenye hekima waliweza kutamka mina na shekeli. Wasichoweza kufanya ni kuzifanya ziseme jambo. Hati ya deni ya Babeli hutaja fedha ni kiasi gani, ni ya nani, anadaiwa nani, mashahidi ni akina nani, mwandishi ni nani, na siku ni ipi; ndivyo ilivyo hati ya mina 20 za Belshaza. Ukutani palikuwa na kiasi tu. Hapakuwa na mdai wala mdaiwa. Danieli ndiye aliyeijaza hati: mdai ni Mungu ambaye vyombo vyake vinanywewa divai mezani, mdaiwa ni mfalme, na siku ya kulipa ni usiku huo.

Wanazuoni wengi wa leo wanakubaliana kwamba Kitabu cha Danieli kilipata umbo lake la sasa karibu na mwaka 165 KK, karibu karne nne baada ya karamu. Wakati huo sarafu zilikuwa zimejaa kila mahali. Dario wa Uajemi alikwisha kupiga sarafu ya dhahabu ya gramu 8.4, uzito wa shekeli ya Babeli, na sarafu ya fedha ambayo Wagiriki waliiita siglosi, yaani shekeli kwa ndimi zao. Baadaye wafalme wa Kigiriki walipiga za kwao. Je, mtunzi wa zama za sarafu angeweza kutegemea wasikilizaji wasikie mizani ndani ya pesa? Kwa Kiaramu aliweza, maana mzizi wa tekeli ulikuwa bado kitenzi cha kila siku, na sarafu zenyewe zilipimwa kila zilipotiliwa shaka. Mahali sauti ilipokatika ni pale neno lilipohamia lugha isiyo na kitenzi chake. Talanta kwa Kigiriki ilikuwa kwanza mizani yenyewe, kisha uzito, kisha kiasi kikubwa cha fedha, na kwa sababu ya mfano wa watumwa watatu katika Mathayo 25 imefika kwetu ikiwa kipaji cha kuimba au kucheza mpira. Mina ilifika pwani kwa njia ya Kiarabu ikiwa mani, kipimo cha karibu pauni tatu kilichotumika Unguja, mani 12 katika frasila moja, na hakuna aliyeipima karafuu kwa mani akasikia kuhesabu.

Mzizi wa shekeli una mwisho wa kupendeza zaidi, na ni wa juzi tu. Mithkali ilikuwa kipimo cha dhahabu katika biashara ya Sofala na Kilwa. Wareno waliiita metikali, na mnamo Juni 1980 Msumbiji huru iliitwaa iwe jina la fedha yake mpya. Miezi minne kabla, Februari 1980, Israeli ilikuwa imeiacha pauni yake na kurudi kwenye shekeli. Nchi mbili zisizopakana, katika mwaka mmoja, zilichapisha noti zenye jina litokalo katika mzizi mmoja wa kupima. Zote ni karatasi isiyopimwa na yeyote. Tofauti iko masikioni. Kiebrania cha leo bado kinatumia kitenzi cha shekeli kwa kupima nyanya sokoni na kwa kupima shauri kabla ya kuamua, hivyo msemaji wake akiyakuta maneno yale ukutani anaweza kusikia bei na hukumu kwa pamoja. Maputo, ambako metikali ni jina la pesa tu, ni yule aliyesoma Kiarabu peke yake atakayesikia mizani ndani yake.